Pointi 13 za Binti wa Nyarugusu

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumamosi iliyopita, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.)



Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, barua na ujumbe wa simu hufurika hapa studioni. Wengi hutaka pongezi zisomwe hewani, nasi tunazisoma. Lakini wapo wasiotaka pongezi. Wanataka ushauri, tena huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba matokeo ya mtoto ni ugonjwa wa aibu.

Wiki hii nimepokea barua ya mzee mmoja wa Nyarugusu, mkoani Geita. Jina lake ninalihifadhi. Ana hisa katika duara, na mkewe anawauzia chakula wachimbaji. Binti yao amemaliza kidato cha sita akisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Amepata Divisheni ya Tatu, pointi 13: Fizikia E, Kemia D, Baiolojia D. Binti anataka kusomea udaktari, na anautaka Muhimbili, si kwingine. Sasa amejitokeza kijana mmoja, mwenye simu mbili na maneno laini, anayesema ana mtu wake ndani ya chuo. Anadai shilingi laki nane, nusu leo na nusu siku jina litakapotoka. Mzee ananiuliza hivi: "Ndugu mtangazaji, duara limetema kidogo mwezi uliopita, fedha ninayo. Nimpe au nisimpe?"

Jibu ni fupi: usimpe, mzee wangu. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeokoa laki nane tu, na binti atabaki amekaa na pointi zake 13 bila kujua zina thamani gani. Kwa hiyo naomba tuzihesabu pamoja, maana nimegundua kwamba wazazi wengi wa ukanda wetu, na hata walimu kadhaa, hawajui kwamba pointi za kidato cha sita huhesabiwa mara mbili, kwa njia mbili zinazopishana.

Baraza la Mitihani huhesabu kama tunavyohesabu nafasi katika mbio: namba ndogo ndiyo ushindi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Hujumlishwa masomo matatu ya mchepuo. Ukipata kuanzia 3 hadi 9 ni Divisheni ya Kwanza, 10 hadi 12 ya Pili, 13 hadi 17 ya Tatu. Hiyo ndiyo hesabu inayobandikwa ukutani na inayoulizwa na majirani.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu kama tunavyohesabu magunia ya mpunga: namba kubwa ndiyo ushindi. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa miongozo yao ya miaka ya karibuni, shahada nyingi zinataka mwombaji awe na ufaulu wa prinsipo mbili, yaani kati ya A na E, zenye jumla isiyopungua pointi 4, katika masomo mawili yanayohusika na kozi anayoiomba. Somo la tatu likiwa baya, kwa kozi hizo halimzuii. Neno "divisheni" katika hesabu hiyo halimo kabisa.

Sasa tazameni linalotokea. Vijana wawili wamekaa dawati moja, wote wamepata Divisheni ya Tatu, pointi 14. Wa kwanza ana D, E na E. Kwa hesabu ya TCU masomo yake mawili bora ni 2 na 1, jumla 3. Hana sifa. Wa pili ana C, E na S. Masomo yake mawili bora ni 3 na 1, jumla 4. Ana sifa, mradi masomo hayo ndiyo yanayotakiwa na kozi. Divisheni moja, pointi zilezile, lakini mmoja mlango uko wazi na mwingine umefungwa. Hata yule wa pointi 15 mwenye C, E na F anaweza kupita mahali ambapo mwenye D, E na E wa pointi 14 hapiti. Mwenye E tatu, naye ana pointi 15, ana 2 tu.

Nilipokwenda Rwamagasa kutengeneza kipindi cha wachimbaji wadogo, nilimkuta kijana kwenye karasha anaandika daftari la viroba vya mawe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alikuwa na C na E katika masomo mawili ya sanaa na F moja. Aliniambia, "Mimi nilifeli, kaka." Nani alimwambia amefeli? Hakuna aliyemwambia. Aliona Divisheni ya Tatu, aliona wenzake wa Divisheni ya Kwanza wakishonesha suti, akapanda lori. Alikuwa ameshakaa kwenye vumbi lile misimu miwili ya maombi bila kuijua hesabu hii.

Turudi kwa binti wa Nyarugusu. Kemia D na Baiolojia D, kwa TCU ni 2 na 2, jumla 4. Mzee, binti yako ana sifa ya kuomba chuo kikuu. Narudia kwa faida ya waliochelewa kufungua redio: mwenye Divisheni ya Tatu ya pointi 13, kwa D mbili na E moja, ana kiwango cha chini cha kuomba shahada nyingi hapa nchini zinazotaka masomo hayo mawili aliyoyapatia D. Ualimu wa sayansi ni mojawapo, na nchi hii inaulilia.

Udaktari ni jambo jingine, na hapa sitampaka binti mafuta kwa mgongo wa chupa. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isiwe chini ya D, jumla pointi 6. Binti ana 5. Ile E ya Fizikia imemweka chini ya kizingiti, na kizingiti hicho hakiko Muhimbili pekee, kiko katika kila chuo cha udaktari nchini. Tena kizingiti ni kizingiti tu. Kuruhusiwa kuomba hakumaanishi kupata. Muhimbili nafasi ni chache na wanaozigombea ni wale waliopata A na B, kwa hiyo hata mwenye D tatu kamili anaweza kutuma maombi na asionekane.

Kwa nini basi yule kijana wa simu mbili ana ujasiri wa kudai laki nane? Ni hesabu, wala si uchawi. Tangu mwaka 2017 TCU ilipoacha kupokea maombi kwa mfumo mmoja wa pamoja, kila mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na anaweza kuomba zaidi ya kimoja. Kishoka huchukua fedha kwa watu ishirini. Hawafanyii lolote. Kati yao wanne au watano huchaguliwa kwa alama zao wenyewe, nao humshukuru na kumalizia nusu iliyobaki. Waliosalia huambiwa "mambo yamekuwa magumu mwaka huu," kisha laini ya simu huzimwa. Huyo hajui mtu ndani ya chuo. Anachokijua ni kwamba ukanda huu una fedha ya ghafla, na kwamba mzazi aliyeipata ghafla huona kila mlango una bei.

Wapo vishoka wabaya zaidi, wanaouza karatasi. Wenye umri wangu hatujasahau Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti na watumishi wa umma 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa kazini kwa miaka mingi. Nilimhoji mama mmoja wa huku kwetu ambaye mumewe alikuwa katika orodha ile. Hakuzungumzia aibu, alizungumzia karo ya watoto watatu iliyokatika mwezi mmoja.

Msikilizaji ataniuliza, je, nchi hii imewahi kumpokea chuoni mtu asiye na alama za juu, kwa njia halali? Imewahi, tena kwa uamuzi wa kisiasa. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, si mbali na hapa kwetu, ikaamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, na alama za mtihani zisiwe kipimo pekee. Itazamwe pia kazi yake na tabia yake. Walimu, makarani na mabwana shamba wakafika Mlimani wakiwa watu wazima wenye familia. Uamuzi ule ulikuwa na kasoro zake. Wasichana waliotakiwa kusubiri miaka miwili kazini, wengi hawakurudi. Wakaolewa, na idadi yao chuoni ikashuka hadi serikali ikalazimika kuwaondoa kwenye sharti hilo. Nalitaja hilo kwa sababu mara nyingi tunaposifu mambo ya zamani tunasahau nani aliumia.

Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya jambo ambalo mimi nalipenda zaidi. Wasichana wa sayansi waliokosa nafasi kwa alama chache waliitwa chuoni, wakafundishwa kwa muda maalumu, kisha wakapewa mtihani. Aliyefaulu aliingia. Alama hazikushushwa kwa huruma. Mtu alipewa nafasi ya kupimwa mara ya pili, mahali penye mwalimu na maabara. Na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, kina kozi ya msingi kwa watu wa namna hiyo. Katika miongozo ya TCU ya miaka ya karibuni, mwenye pointi 1.5 tu za kidato cha sita anaweza kuisoma, na akimaliza kwa wastani wa 3.0 anahesabika kuwa na sifa ya kuomba shahada. Yule mwenye E tatu niliyemtaja awali, ambaye kwa kila hesabu amekataliwa, anaingia hapo.

Wachimbaji watanielewa upesi. Mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki hatuutupi. Tunauita marudio, na mwenye mtambo wa kuchenjua huja kuununua, kwa sababu anajua zebaki imeacha dhahabu nyingi ndani yake. Hatusemi mchanga ule ni sawa na jiwe la kwanza, ila unahitaji kazi zaidi na muda zaidi.

Ndugu wasikilizaji, mimi mwenyewe ni mtu wa stashahada. Matokeo yangu ya kidato cha sita hayakuniruhusu kwenda Mlimani, nikaenda kusomea uandishi wa habari, na ndiyo kazi iliyonilea hadi leo. Kwa hiyo napoisifia njia ya stashahada naomba nisidhaniwe kuwa natoa zawadi ya kumfariji aliyeshindwa. Hayati Magufuli, mzaliwa wa Chato, alipata kwanza stashahada ya ualimu Mkwawa, akafundisha Sengerema, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma shahada. Sisemi alikuwa na alama ndogo, hilo silo ninalolizungumza. Nasema njia ile ilikuwepo, ilipitiwa na watu wenye akili zao, na ipo.

Kwa binti wa Nyarugusu njia hiyo ni hii. Kama moyo wake uko kwenye tiba kweli, na si kwenye jina la Muhimbili, asome stashahada ya utabibu. Ni miaka mitatu. Vyuo vya afya vipo kanda hii, hata Kolandoto hapa Shinyanga wanafundisha kada za afya. Aulize mwaka huu wanapokea kozi zipi. Kule huangaliwa matokeo ya kidato cha nne, kwamba awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi anarudi kuomba udaktari kwa mlango wa stashahada, ila wakati huo wataangalia pia kama kidato cha nne alipata angalau D ya Hisabati na ya Kiingereza pamoja na sayansi zote tatu. Hisabati hiyo imewakwamisha wengi waliodhani waliiacha nyuma milele. Faida ya njia hii ni kwamba hata udaktari ukikataa, atakuwa tabibu mwenye kazi mkononi, na zahanati za vijiji vyetu zinamhitaji jana, si kesho.

Anaweza pia kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo nina tahadhari mbili. Fizikia ina mtihani wa vitendo, kwa hiyo asijiandikishe kituo kisicho na maabara kwa sababu tu kiko karibu na nyumbani. Na kabla ya kulipa, akiulize chuo anachokilenga, kwa maandishi, kama kinapokea matokeo ya mitihani ya miaka miwili tofauti. Asiulize rafiki wala kishoka. Akiulize chuo.

Au aichukue shahada ambayo sifa zake anazo leo. Baba yake ndiye anayelipa, lakini naomba asimchagulie. Kama binti ataamua ualimu wa Kemia na Baiolojia, mzee asione laki nane zake zimeshuka cheo.

Sasa nageukia upande ambao barua ya mzee haikuugusa, nao unaniuma zaidi. Ile E ya Fizikia imetoka wapi? Nilimpigia mzee simu nikamuuliza. Alisema kwa muda mrefu wa kidato cha tano shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia, wakawa wanafundishwa na kijana wa kujitolea ambaye naye aliondoka. Vyombo vya maabara walivitumia kwa zamu mtihani ulipokaribia. Shule siitaji, kwa sababu nikiitaja moja nitakuwa nimezionea, maana ziko nyingi. Na hizi ni shule za wapi? Za nchi iliyotoa almasi ya Mwadui tangu 1940, ya Bulyanhulu iliyoanza uzalishaji mkubwa 2001, ya Buzwagi iliyofunguliwa 2009 na kufungwa 2021, ya mgodi wa Geita ulioanza 2000, na ya soko la madini la Geita lililofunguliwa Machi 2019, likiwa la kwanza nchini. Dhahabu yote hiyo imepita mbele ya macho ya mtoto anayesoma umeme kwa kuchora balbu ubaoni.

Baada ya marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri zetu zinapenda majengo, kwa sababu jengo lina utepe wa kukatwa. Sina ugomvi na majengo. Lakini madiwani wanaonisikiliza, wa Geita, wa Msalala, wa Nyang'hwale, naomba katika kikao kijacho waulize swali moja: katika fedha hizo, ni kiasi gani kimekwenda kwenye posho ya mwalimu wa Fizikia, na kiasi gani kwenye kemikali na vyombo vya maabara? Majibu wanitumie, nitayasoma hewani, mazuri na mabaya.

Na vyuo vikuu vyetu vikubwa, navyo nina neno navyo. Sitaki Muhimbili impokee mtu asiyejua Fizikia kisha amfanyie mwanangu upasuaji. Ninachotaka ni ule mtindo wa miaka ya 1990 urudi kwa upana: mtoto aliyekosa kwa pointi moja au mbili, aliyetoka shule isiyo na mwalimu, aitwe, afundishwe, apimwe upya. D iliyopatikana bila mwalimu na D iliyopatikana mbele ya walimu watatu zinaandikwa kwa herufi moja, lakini aliyezipata si mtu mmoja, na chuo chenye wataalamu wa kila namna hakishindwi kutafuta njia ya kuwatofautisha.

Muda wangu unakwisha. Dirisha la maombi la awamu ya kwanza halikai wazi muda mrefu baada ya matokeo, na anayelikosa hungoja awamu inayofuata, ambayo nafasi zake huwa ni mabaki. Mwongozo wa TCU hupatikana bure. Asiye na namna ya kuufungua aende kwa mkuu wa shule yoyote ya sekondari aombe amfungulie, na mwenye shahada anachotakiwa kusoma ni safu ya kozi yake na masomo yanayotakiwa. Barua tisa za wiki hii zinauliza juu ya namba ya uhakiki, AVN, ambayo wenye stashahada huipata NACTVET kabla ya kuomba shahada. Hiyo nitaieleza Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, kwa hiyo mwe na kalamu na karatasi. Usiku mwema.